Kuvuka usiku haitoshi: maneno yetu kwa bamama na bavuvi ba Pweto



Tumekuja kuongea juu ya jambo kila mutu hapa Pweto analijua, na hakuna anayelisema mchana. Vitu vinavuka ziwa Mweru usiku. Chisense inaenda, bunga na sabuni vinarudi kutoka upande wa Chiengi, na pirogi inafika pale hakuna taa. Wakubwa banaita hiyo magendo. Sisi hatutamwita mwizi mama wa mifuko miwili ya bunga.

Tukumbuke kwanza. Mpaka huu Wazungu waliuchora katikati ya maji, na bakubwa betu waliuelewa haraka kuliko wao. Miaka ya 1900 mpaka 1940, watu walikuwa banahama-hama. Waingereza wakibana na musonko, batu banapanda pirogi banakuja huku. Wabelgiji wakikamata batu kwa kazi ya nguvu, banarudi kule. Wengine walijificha kwenye visiwa. Mwelwa Musambachime, mwanahistoria wa Zambia, aliandika kwamba kuhama huko kulikuwa njia yao ya kukataa. Silaha yao ilikuwa kafi tu.

Kwa hiyo hatusemi kukwepa ni upumbavu. Lakini ni kukataa kwa kimya, na tuseme ukweli hata kama unauma: yule anayekula kwenye kamba hapati hasara na safari yetu ya usiku. Anatungoja asubuhi sokoni. Akijua umevuka bila karatasi, huna mdomo tena. Anaomba anachotaka, unalipa, na ile franga haifiki kwenye kasha la serikali. Tena benye mizigo mikubwa hawasumbuki na giza; banapita mchana, simu moja tu inatosha.

Sheria iko. Amri namba 036/2002 ya tarehe 28 Machi 2002 inataja huduma 4 tu za kufanya kazi mpakani: duane (zamani OFIDA, leo DGDA), OCC, DGM, na huduma ya usafi. Kifungu cha 174 cha Katiba kinasema hakuna kodi bila sheria. Kifungu hicho hicho kinasema pia kuchangia ni wajibu wa kila anayeishi Congo. Hiyo nayo hatuifichi.

Njo maana tunaomba hivi: siku ya soko inayokuja tuvuke mchana, tena pamoja. Kila mwenye kuomba pesa tumuulize: wewe wa huduma gani? Kodi hiyo imeandikwa wapi? Karatasi ya muhuri iko wapi? Ile ya haki tutalipa. Bila karatasi, hakuna pesa. Vijana betu watakuwa pale na daftari, wataandika kiasi na saa, si jina la mama yeyote.

Woga tunaujua, hata sisi tuko nao. Mama peke yake atanyang'anywa mfuko. Bamama makumi mawili ni kazi ingine. Wakituzuia, tutakaa pale pale juu ya mifuko yetu mpaka mukubwa wa teritware aje kuisoma ile amri mbele yetu. Kopi tuko nayo.