Injini ikizimika, tusikimbie

(Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana kwenye mkutano wetu, Mashamba, Kolwezi)

 

Mnakumbuka tarehe 17 Novemba 2025. Ndege iliyombeba waziri wa madini, Louis Watum, ilifika hapa Kolwezi, ikaacha njia yake ya kutua, ikashika moto. Wote walitoka wazima. Video ile kila mtu aliiona kwenye telefone yake: watu wanashuka mbio, moto uko nyuma yao. Siku mbili kabla, tarehe 15, daraja lilianguka Kalando, kwenye karieri, na watu wasiopungua 32 walikufa. Waziri alikuwa anakuja juu ya wale wafu.

Mimi niko na diploma ya chuo kikuu na sina kazi. Msishangae, humu ndani tuko wengi. Mtu asiye na kazi anasoma vitu vya ajabu usiku, na mimi, tangu ile video, nikaanza kusoma habari za ajali za ndege. Leo nataka tuongelee kitu kimoja kidogo nilichokikuta huko.

Ndege ikisimama, injini zikizimwa, abiria wakishuka, komandanti na kopiloti wanabaki kidogo. Dakika tano, pengine kumi. Wanaulizana: tulipanga nini? Nini kilienda tofauti? Safari ijayo tubadilishe nini? Kitu hicho wanakiita debrifingi. Si kampuni zote zinakilazimisha kila safari, na marubani wakichoka wengine wanakiacha. Lakini wale wazuri wanakifanya hata siku ambayo hakuna kilichoharibika. Hapo njo nilisimama. Sisi tunakaa pamoja kuulizana paka pale mtu amekamatwa au amekufa.

Niseme yangu. Mwaka uliopita tulienda kusimama mbele ya ofisi moja juu ya maji. Tulikuwa kumi na nne. Askari walipokuja tukatawanyika, kila mtu na njia yake, na jioni kwenye kikundi cha WhatsApp tulikuwa tunapongezana na kutumiana picha. Saa tatu ya usiku mama mmoja akanipigia: «Mwanangu, mdogo wako yuko wapi?» Hakuna aliyejua. Alikuwa ameshikwa, na alilala huko usiku mbili. Mimi njo nilimtuma arudi kuchukua megafone. Bandugu, hilo neno «arudi» sikulisema mbele yenu mpaka leo. Tulifanya mkutano wa kulaani wale waliomshika, na ilikuwa haki kuwalaani. Lakini hatukuulizana juu ya nini watu kumi na nne walienda na hakuna aliyewahesabu wakati wa kurudi. Mwezi uliofuata tulienda tena, na tena hatukuhesabu.

Marubani nao hawakuzaliwa na hekima hii. Walijifunza kwa wafu. Tarehe 27 Machi 1977, kisiwa cha Tenerife, ukungu mzito, Boeing 747 mbili ziligongana kwenye njia ya kurukia. Watu 583 walikufa. Komandanti wa ndege iliyoanza kukimbia bila ruhusa alikuwa mkubwa kabisa, mwalimu wa marubani wengine. Fundi aliyekuwa nyuma yake aliuliza kama ndege ile nyingine ilikuwa imetoka njiani. Mkubwa akajibu ndiyo. Fundi akanyamaza. Mwaka uliofuata, kule Portland, Marekani, ndege ya United iliishiwa mafuta angani wakati komandanti anashughulika na shida ya magurudumu. Wenzake walikuwa wanaona mafuta yanakwisha, lakini walisema kwa sauti ya kuomba radhi. Watu 10 walikufa. Tangu hapo, na United ilianza mwaka 1981, makampuni yakaanza kufundisha kitu ambacho zamani hakikuwa somo: mdogo aseme, mkubwa asikilize.

Na msifikiri ni mambo ya wazungu. Tarehe 5 Mei 2007 ndege ya Kenya Airways iliondoka Douala usiku, mvua inanyesha, inaenda Nairobi. Kopiloti alikuwa na miaka 23. Wengi humu mnamzidi. Komandanti alifikiri mashine ya kuongoza ndege yenyewe imeshika kazi, kumbe haijashika, na mwenzake hakuhakikisha. Karibu dakika nzima ndege ilikuwa inalala upande polepole na hakuna aliyeiangalia. Wote 114 walikufa. Uchunguzi wa Cameroun ulisema hapakuwa na kusaidiana kati ya wale wawili.

Nilisoma hiyo mara tatu. Kijana wa miaka 23 kando ya mkubwa. Atamwambiaje «papa, umekosea» katikati ya giza na mvua, kama hajawahi kumwambia hata siku moja chini, ndege imesimama, jua linawaka? Njo maana ya zile dakika kumi. Zinazoeza mdomo wa mdogo na sikio la mkubwa siku ya amani. Ndiyo sababu komandanti mzuri anaanza na kosa lake mwenyewe: «Leo nilishuka haraka mno, uliona?» Akisha kusema hivyo, kopiloti naye anapumua.

Sasa turudi Kalando. Serikali ya jimbo ilisema wachimbaji waliingia kwa nguvu wakati ilikuwa imekatazwa juu ya mvua. Ripoti ya SAEMAPE ikasema askari walipiga risasi, watu wakaogopa, wakakimbilia daraja kwa pamoja. Nani yuko na kosa, hiyo ni kazi ya tribinali, na tutaendelea kuidai. Mtu asije kuniambia kesho kwamba nilisema tusamehe. Debrifingi si tribinali, na aliyepiga risasi hatajificha nyuma yake.

Lakini kuna swali lisilongojea tribinali. Ndege ikianguka, Mkataba wa Chicago wa 1944 uko na Kiambatisho cha 13, na kile kinasema uchunguzi wa ajali ni wa kuzuia ajali nyingine, si wa kugawanya lawama. Lawama ina mlango wake, mafunzo yana mlango wake. Kwenye karieri zetu kuna mlango mmoja tu, nao unafungwa kisha mazishi. Kreza wangapi, kisha Kalando, walikaa kwenye shimo lao wakaulizana: daraja letu linabeba watu wangapi? Mvua ikinyesha nani anasema tutoke? Mwaka 2019, Juni, ardhi ilianguka KOV, hapa karibu, ikaua watu zaidi ya 40. Tulilia. Na kisha?

Kwa hiyo naomba kitu chepesi. Kila kazi ikiisha, salongo, mitingi, sit-in, hata kugawa karatasi sokoni, hakuna kuondoka kabla ya dakika kumi. Kwanza tuhesabiane. Mtu akikosa, tunamtafuta sasa, si usiku. Kisha aliyeongoza aseme kosa lake la kwanza, asianze na la wengine. Kisha wa mwisho kuingia kwenye kikundi aseme alichoona, kwa kuwa yeye macho yake bado hayajazoea. Kinachosemwa kiandikwe kwenye kaye, kisiende WhatsApp. Mkienda kuongea na ndugu zenu wa karieri, wapelekeeni hiyo. Hawahitaji diploma kwa kuifanya, na kuhesabu watu wanaotoka shimoni wanajua kuliko sisi.

Na tuifanye hata siku ilipoenda vizuri. Hiyo njo ngumu, kwa sababu siku hiyo kila mtu anataka kurudi nyumbani kula.

Leo nayo ni kazi, na imeisha. Tulikuwa thelathini na mmoja wakati wa kuanza. Dada aliye kando ya mlango, tuhesabu tafadhali. Mimi naanza: nilichelewa dakika ishirini na sikumwonya mtu, na viti hivi tulivitoa kwa mama wa hapa nje kabla hajajibu. Sasa, nani aliingia wa mwisho kwenye kikundi?