Samaki wa Baridi

Juma hili siasa nimeziweka kando. Nataka tuzungumze habari za samaki. Wala si ngege wa Ziwa Victoria, wala si changu na tafi wa kwetu Mombasa ambao nimewajua tangu utotoni. Ni samaki ambaye Wakenya walio wengi hawajamtia machoni, sembuse kinywani. Jina lake ni trauti.

Trauti si mwenyeji. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan, yule aliyejipatia sifa kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, na ambaye mwaka 1907 aliwachapa viboko hadharani Wakikuyu waliokuwa wakivuta rikisho, mbele ya mahakama ya Nairobi, aliagiza mayai ya samaki huyo kutoka Loch Leven, Uskochi. Yakatiwa katika Mto Gura, kwenye milima ya Nyandarua. Baadaye akaja trauti wa aina ya pili, ambaye asili yake ni magharibi ya Marekani, mwenye mkanda wa waridi ubavuni. Walowezi hawakumleta kwa sababu ya njaa. Nyama walikuwa nayo tele. Walileta mchezo wa kwao. Sheria nayo ikafuata nyuma, na mtu akatakiwa kuwa na leseni ndipo aguse samaki wa mto uliopita nyuma ya shamba la babu yake.

Hayo niliyasoma zamani. Lakini kusoma ni kusoma. Januari iliyopita nilikuwa Chogoria kwa shughuli za kazi, na mwenyeji wangu akaniuliza kama ningependa kuliona Ziwa Ellis. Nikasema naam, maana mwenda bure si mkaa bure.

Tulilala karibu na lango la mbuga, na saa kumi za alfajiri tukaanza kupanda. Tulikuwa watatu: mimi, mzee mmoja aliyekuwa akiwaongoza wageni mlimani kwa miaka zaidi ya thelathini, na mjukuu wake, kijana wa miaka kumi na tisa, aliyebeba mizigo. Msitu ukaisha, ikaingia mianzi, mianzi nayo ikaisha, tukatokea kwenye nyika ya vichaka na vishungi vya majani yaliyokakamaa kwa jalidi. Kila hatua ililia chini ya kiatu kama mtu anayetafuna bisi. Mimi ni mtu wa pwani, msikilizaji. Baridi ninayoijua ni ile ya kusi mwezi wa Julai. Hii ilikuwa ya namna nyingine kabisa. Ilikuwa ikiuma meno.

Ziwa liko zaidi ya mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Tulifika kunapambazuka. Hapakuwa na mtu, hapakuwa na mtumbwi, hapakuwa na sauti isipokuwa ya bata wawili. Maji yalikuwa meusi na yametulia tuli, na ukungu ukitambaa juu yake. Kisha jua likachomoza, na nyuma yetu vilele vya Batian na Nelion vikawaka rangi ya shaba. Nimeripoti mambo mengi katika kazi hii na si mwepesi wa kushangaa, lakini hapo nilinyamaza.

Mzee akanikabidhi ufito. Kwetu tunavua kwa mshipi wa mkono, na chubwi ya risasi, na kipande cha ngisi kwenye ndoana, unatupa, unangoja. Hapa chambo hakikuwa chambo bali manyoya ya jogoo yaliyofungwa kwa uzi kwenye ndoana ndogo mno, yakafanana na mdudu. Wala hakuna chubwi. Uzito wote umo katika mshipi wenyewe. Unaurusha nyuma, unangoja unyooke angani, ndipo unaurejesha mbele. Siri yote imo katika kule kungoja.

"Usipigane nao, mwanangu," akasema. "Ni kama kumwita mtoto aliyekasirika. Ukivuta, hatakuja."

Yapata saa moja na nusu mshipi ukakaza. Yule samaki akaruka juu ya maji mara mbili, akimeremeta, kisha akazama akielekea katikati ya ziwa, na gurudumu la kukunjia mshipi likalia. Changu huvuta kwa kwenda chini kama jiwe. Huyu alivuta kila upande. Mzee akawa akinong'ona: mwache, sasa kunja, mwache. Hatimaye akaingia kwenye wavu, urefu wake kama kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole, ana madoa meusi mgongoni na ule mkanda wa waridi ubavuni. Nilipomshika alikuwa baridi kama kitu kilichotoka kwenye friji.

Leseni iliturahusu kumchukua. Tukamkaanga palepale kwa mafuta kidogo na chumvi. Nyama yake ni laini, na sitasema uongo, nilitamani tui la nazi.

Wakati wa kula mzee akatueleza kwamba baba yake alikuwa mchukuzi wa bwana mmoja mlowezi. Alibeba vikapu vya trauti miaka na miaka bila kushika ufito. Siku moja yule bwana akamzawadia samaki mmoja. Akaenda naye nyumbani kwa furaha, na mkewe akakataa katakata asiingie chunguni mwake, maana wazee wengi wa mlimani hawakula samaki. Walimhesabu pamoja na nyoka. Akala mbwa. Mzee alicheka hadi machozi yakamtoka. Mjukuu hakucheka. Alikuwa akila kimya, akichambua miiba.

Nilikuja kujua sababu tulipokuwa tukiteremka, mzee akiwa ametangulia kidogo. Kijana alimaliza kidato cha nne, karo ya chuo ikakosekana. Rafiki zake wanachoma makaa msituni usiku, na wamemwita. Babu amepata fununu, ndiyo maana alimleta, goti lake nalo likiwa halitaki tena kupanda.

Hapa ndipo yule samaki mgeni anapotuhusu sisi sote. Trauti hutaka maji baridi, safi na yenye hewa nyingi. Joto la maji likikaribia nyuzi 25 za Selsiasi, anaanza kufa. Wako wanaodhani kwamba baridi hiyo na maji hayo hutoka kwenye barafu ya kileleni. Barafu ni kidogo: ile ya Lewis, iliyo kubwa kuliko zote mlimani, ilipoteza kiasi cha asilimia 90 ya ujazo wake kati ya mwaka 1934 na 2010. Maji mengi ya mito hutokana na mvua inayonaswa na msitu. Mwaka 1999 KWS walipoukagua msitu huo kwa ndege, walikuta maelfu ya miti ya asili iliyokatwa, matanuri ya makaa, na mashamba ya bangi katikati ya miti. Mwaka uliofuata msitu ukatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Mambo yalitengenea kwa kiasi kikubwa, lakini tanuri moja halihitaji zaidi ya vijana watatu na shoka. Na maji ya Nithi na Mutonga, yanayotoka upande huo, huingia Tana, yakapita Garissa na Hola hadi Kipini, kwa ndugu zangu wasiomjua trauti ni nani.

Ni rahisi mtu wa mjini kumwambia kijana kama huyu, "linda msitu." Nilitaka kumwambia. Nilikuwa nimeshiba samaki wa mlima wake, na nina mshahara wa mwisho wa mwezi.

Tulipofika langoni nikamlipa mzee, na mzee akamhesabia mjukuu fungu lake mbele yangu. Kijana akazikunja zile noti, akazitia mfukoni, kisha akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mzee, watu kama wewe huja kila wiki?"

Nikamwambia kweli: mimi nimekuja mara hii moja, na pale ziwani hatukumkuta mtu. Akaitikia kwa kichwa, akachukua mzigo wa babu yake, wakashika njia ya kwao.

Hadi juma lijalo, msikilizaji, majaliwa. Kwaheri.