Kuchagua Kamshafti ya Lori Kuukuu la Kuvuta Tela
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kasingirima)



Tumeombwa tuseme juu ya kamshafti, na huenda wengine wakastaajabu kwamba watu wa kalamu na mafaili wakutane kuzungumza habari za chuma kilichofichika tumboni mwa injini. Sababu yake ni kiinua mgongo. Wengi wetu, siku ya kustaafu ikaribiapo, huwaza kununua lori kuukuu la petroli, walifungie tela, wachukue chumvi ya Uvinza, mawese, dagaa au matofali. Lori la namna hiyo mara nyingi limekwisha choka. Fundi huifungua injini, huona vinundu vya kamshafti vimelika, na muuzaji wa vipuri huileta ile aliyo nayo, akisifu kwamba ni ya nguvu. Hapo ndipo akiba ya miaka 30 ya kazi huanza kuvuja. Maana nguvu ni za namna nyingi, wala si kila nguvu iwezayo kuvuta tela.

Yafaa kwanza tukijue chombo chenyewe. Kamshafti ni mhimili wa chuma wenye vinundu, unaozungushwa na krankshafti kwa mnyororo, kwa mkanda au kwa meno, nao huzunguka mara 1 kila krankshafti izungukapo mara 2. Kila kinundu husukuma tapeti, na msukumo huo hufungua valvu, ama ya kuingiza hewa na petroli, ama ya kutoa moshi. Umbo la kinundu ndilo liamualo valvu ifunguke lini, iinuke kiasi gani, na ikae wazi kwa muda gani. Muda huo hupimwa kwa digrii za mzunguko wa krankshafti.

Sasa twaomba msikilize kwa makini, kwa kuwa hapa ndipo penye kiini. Valvu ya kuingiza haifungi pale pistoni ifikapo chini. Hufunga baadaye, pistoni ikiwa imekwisha anza kupanda. Injini ikizunguka upesi, hewa iingiayo ina mwendo mkali, nayo huzidi kujisukuma ndani ijapokuwa pistoni inapanda. Basi kuchelewa kufunga huwa faida. Lakini injini ikizunguka polepole hewa haina mwendo huo, na pistoni huirudisha nje kwa mlango ule ule ilioingilia. Silinda haijai, na lori huhema mlimani. Kamshafti ya mashindano huchelewa sana kufunga. Kamshafti ya kuvuta mzigo hufunga mapema, ikaacha nguvu za mwendo mkali ili ipate nguvu za mwendo wa polepole. Hakuna kamshafti itoayo zote mbili kwa ukamilifu, na asemaye anayo, mwagizeni aende akaiuze Burundi.

Wazee wetu wa bandarini hawakuwa na taabu hii. Liemba, iliyoshushwa majini hapa Kigoma mwaka wa 1915, ilikwenda kwa mvuke hata miaka ya 1970 ilipowekewa injini za dizeli. Na mvuke huisukuma pistoni kwa nguvu tangu mzunguko wa kwanza. Petroli haina ukarimu huo. Tena Ziwa letu liko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa kiasi cha saba katika mia. Apandaye kwenda Kasulu huizidisha hasara hiyo kila apandapo. Kwa hiyo sisi wa huku hatuna hewa ya kurudisha nje.

Mtu atauliza: nitajuaje lori langu huzunguka kwa kasi gani? Hesabu yake yamfaa karani kuliko fundi. Tia alama ya chaki juu ya gurudumu la nyuma na juu ya ardhi, lisukume lori hata gurudumu lizunguke mara 1, kisha upime ulipofika. Tuseme ni mita 3. Halafu ondoa plagi zote, tia gia unayotumia mlimani, lisukume tena kwenye uwanja ulio sawa, na mwenzako ahesabu krankshafti imezunguka mara ngapi kwa mzunguko 1 wa gurudumu. Tuseme ni 12. Ukipanda kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, wakata mita 500 kwa dakika. Gawa kwa 3, upate kiasi cha 167. Zidisha kwa 12, upate kiasi cha 2,000. Huo ndio mzunguko wa injini yako mlimani. Fanya vivyo hivyo kwa gia ya juu. Ikiwa hesabu yake ni 6, basi kwa kilomita 70 kwa saa barabarani injini huzunguka kama mara 2,330 kwa dakika. Lori hilo huishi kati ya mizunguko 1,200 na 2,400. Kamshafti ambayo nguvu zake huamka kwenye 2,500 haitafanya kazi hata siku moja, ila kula petroli.

Jambo la breki ni zito zaidi, nasi twasikitika kwamba wauzaji hawalitaji. Kuna kitambo ambapo valvu ya kutoa na ya kuingiza huwa wazi zote mbili pamoja. Katika kamshafti ya mashindano kitambo hicho ni kirefu, na injini izungukapo polepole moshi hurudi katika bomba la kuingizia, ukaupunguza uvutaji wa hewa uliomo. Basi malori mengi ya kale ya petroli hutumia uvutaji huo huo kusaidia breki. Dereva ateremkaye kutoka Mwanga kwenda gatini, na tela nyuma yake, akitambaa na kusimama-simama nyuma ya baiskeli na bajaji, atakanyaga mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu ataukuta ubao wa breki mgumu kama jiwe. Twawaachia wenyewe kuwaza yanayofuata.

Sasa juu ya namba zilizoandikwa kwenye sanduku. Watengenezaji wa Marekani huandika muda wa valvu kwa njia mbili. Moja huanza kuhesabu tapeti ikianza kuinuka kidogo tu. Ya pili huanza tapeti ikiwa imeinuka inchi 0.050. Kamshafti moja yaweza kuitwa 260 kwa njia ya kwanza na kiasi cha 205 kwa njia ya pili, na mnunuzi asiyejua hudhani ni mbili tofauti. Ulizeni daima namba ya inchi 0.050. Kwa injini kubwa za Kimarekani, za kuvuta na kutembea mjini, kiasi cha digrii 190 hadi 210 chatosha. Apitaye hapo sana ameanza kuondoka katika kazi ya tela.

Lakini shauri letu kwa wengi ni rahisi zaidi: rudisheni kamshafti ya umbo lile lile alilochora mtengenezaji wa lori. Injini ya Land Rover ya lita 2.25, iliyotoka mwaka wa 1958, ilichorwa kwa mashamba na milima, na nguvu yake ya kuvuta hufika kileleni mizunguko ikiwa 2,500 au chini yake. Wenye injini za dizeli wasijishughulishe kabisa na kamshafti ya namna nyingine. Fedha yao waitie katika pampu na nozeli.

Neno la mwisho ni kwa siku ya kufunga, maana kamshafti nzuri yaweza kufa katika dakika 20. Kama injini yako ina tapeti bapa, zisizo na vigurudumu, usiweke tapeti za zamani juu ya kamshafti mpya. Pakaza vinundu grisi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, tumia mafuta yenye zinki ya kutosha, kwa kuwa mengi ya siku hizi yamepunguzwa zinki, na hakikisha petroli na moto vimekwisha tengenezwa, ili injini iwake mara moja. Ikiisha kuwaka, isiachwe kuunguruma polepole. Ishikwe kwenye mizunguko kama 2,000, ikipandishwa na kushushwa kidogo, kwa dakika 20 hizo. Kisha mafuta hayo yamwagwe na chujio libadilishwe kabla tela haijafungwa.