Keki Imekuwa Kubwa Kuliko Mtoto

(Maneno yaliyosomwa na kamati ya jamii kwa niaba ya wanachama, siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi)

 

Kamati ya maandalizi ilitupa muda mfupi tuzungumze juu ya malezi ya watoto. Mada hiyo ni pana mno. Tukakaa, tukaulizana: ni jambo gani la malezi ambalo katika miaka hii kumi limekigusa kikundi chetu mpaka kikakaribia kuvunjika? Hatukuhangaika sana kulipata. Ni bethdei.

Msicheke. Wengine mlitegemea tuseme utoro shuleni, au mimba za wanafunzi, na hayo ni mambo mazito kweli, lakini yana wasemaji wengi. Hili la bethdei halina msemaji kwa sababu sote tumo ndani yake, na kila mtu anaogopa akisema ataonekana ana wivu.

Tulipoanza kikundi, siku ya kuzaliwa ya mtoto hapa kwetu milimani ilikuwa jambo la dakika chache. Wenzake walimvizia na ndoo ya maji, wakammwagia mpaka akapiga kelele, na kwa baridi hii ya Lushoto mwezi wa saba hiyo haikuwa mchezo. Halafu chai ya maziwa, maandazi, na kama baba ameuza kabichi vizuri, soda moja wakigawana watoto watatu. Basi, kesho yake wakaenda shule.

Sasa hebu angalieni. Kuna keki ya ngazi mbili yenye picha ya mtoto juu yake. Kuna mpambaji na maputo yake, viti vimevalishwa vitambaa, kuna spika zinazosikika mpaka ng'ambo ya bonde, na MC. Mtoto wa miaka mitatu ana MC! Kuna sare ya kitenge kwa mama, mashangazi na mashoga, na wanaotoka mmoja mmoja kwa muziki kwenda kutunza. Kuna mpiga picha, maana isipoonekana kwenye simu jioni hiyo hiyo ni kama haikufanyika. Na hapo hatujagusa mahafali ya chekechea, ambako mtoto anavaa joho kwa kuhitimu kuhesabu mpaka ishirini. Likija darasa la saba ni sherehe nyingine, kipaimara nyingine, na kidato cha nne nyingine.

Tunaomba tuseme habari iliyotokea ndani ya kikundi. Mwenyewe ameturuhusu, yupo hapa amekaa, na jina lake tumeliacha.

Mwenzetu huyu alichukua mkopo wa shilingi 450,000 mwezi wa pili, kwa ajili ya mbegu za viazi na mbolea ya masika. Alikuwa na hisa za kutosha, wadhamini wake wanne wakaweka sahihi, hakuna aliyekuwa na shaka. Binti yake alikuwa anatimiza miaka mitano mwezi huo huo. Mama akasema atachomoa kidogo tu humo, elfu sitini, anunue keki na pilau la watoto wa jirani, atarudisha akiuza karoti. Habari ikamfikia dada yake aliyeko Dar es Salaam. Dada akafungua kundi la simu la maandalizi. Humo likaingia suala la sare, likaingia suala la rangi, mara mtu akauliza, "Kwani mpambaji mmempata nani?" Kila aliyeuliza swali aliongeza gharama, na waliouliza hawakuwa waliolipa. Michango iliyoahidiwa ilifika robo yake.

Walialikwa watoto ishirini na tano. Walikuja watu karibu tisini, wengi wao watu wazima. Pesa ya mbegu ikaisha kabla ya mchele kuiva. Akakopa kwenye simu akamlipa mwenye muziki, na kulipa deni la simu akaenda kwa wale watu wa mikopo tunayoiita kausha damu. Nayo haikupewa jina hilo kwa utani. Ukikosa marejesho ya wiki moja wanakuja kuchukua godoro.

Masika ikaingia, yeye akapanda nusu ya shamba. Kwenye kikao akakosa wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tukadhani anaumwa. Tukaenda na sukari na sabuni, kama ilivyo desturi yetu. Watoto wakatuambia mama hayupo, na sisi tulikuwa tunaona kanga yake mlangoni mwa jiko. Tukaacha vitu pale kizingitini tukaondoka. Njiani hakuna aliyesema neno.

Kikao kilichofuata kilikuwa kibaya. Wadhamini walikuwa wanadaiwa, wamekasirika, na walikuwa na haki. Maneno makali yalitoka: tapeli, mpenda sifa, na mengine hatuwezi kuyasoma mbele ya watoto. Ndipo mzee wetu mmoja wa kikundi, bibi asiyejua kusoma lakini hesabu za hisa zote za miaka yote anazo kichwani, akanyanyuka akauliza, "Katika nyinyi mnaosema, ni nani hakula ile keki?"

Kimya. Tulikuwepo wote. Tulivaa ile sare. Wengine kati yetu ndio tuliouliza mpambaji ni nani. Kwa hiyo msije mkadhani tunamhukumu mtu hapa. Tuliokula pesa ya mbegu ni sisi.

Na mtoto mwenyewe? Tulimuuliza baadaye anakumbuka nini katika siku ile. Akasema alisinzia. Na kweli, MC alizidisha maneno, wageni walitambulishwa mmoja mmoja, keki ikakatwa usiku. Binti aliamshwa, akawekewa kisu mkononi, akalia. Ndiyo ile picha iliyopo: keki inang'aa, watu wazima wote wanacheka, mtoto analia.

Baada ya hapo tulibishana juu ya jambo hili miezi miwili. Wapo waliotaka katiba ikataze bethdei kabisa. Tunasikia nchi ya Tajikistan mwaka 2007 ilitunga sheria ya kubana sherehe, na siku ya kuzaliwa ikaamriwa isherehekewe ndani ya familia tu. Wengi wetu tukasema hapana, hatutaki kufika mahali pa mgambo kuja kuhesabu sahani. Wengine wakasema hii ni mila ya wazungu, si yetu, tuitupe. Hapo kuna ukweli wake. Mji wetu wa Lushoto Wajerumani waliuita Wilhelmsthal, kwa jina la mfalme wao, Wilhelm, na tarehe 27 Januari, siku aliyozaliwa huyo Kaizari, iliadhimishwa kwa gwaride katika makoloni yake. Kwa maana hiyo babu zetu waliona bethdei kubwa ya mtu ambaye hawakumwona hata siku moja.

Lakini mama mmoja alisema neno lililotunyamazisha. Alisema yeye amezika watoto wawili, huyu aliyebaki akitimiza mwaka kwa nini asifurahi? Mkumbuke wazee wetu walivyoishi. Walikuwa hawana tarehe, walitazama jino. Meno ya juu yakitangulia mtoto aliitwa kigego, na ilikuwa balaa. Hata Mbegha, aliyekuja kuanzisha utawala wa Wakilindi kule Vugha, Habari za Wakilindi inasema alikuwa kigego, na hilo lilimtoa kwao. Watu waliogopa kumfurahia mtoto mapema kwa sababu hawakujua kama atabaki. Na hofu hiyo haikuwa ya kale tu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 1999 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai nchini, 147 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Utafiti wa mwaka 2022 ukakuta 43. Sisi wenye umri mkubwa tunaijua tofauti ya namba hizo bila kusomewa. Mama wa siku hizi anaposherehekea mwaka wa tano wa mwanawe ana sababu, hata kama hajui kuieleza.

Kisha zipo shukrani zetu za siku zote. Akika ya siku ya saba: mbuzi anachinjwa, majirani na maskini wanapata nyama, hakuna kadi wala sare. Ubatizo nao zamani uliishia kwa chai na viazi. Tatizo basi si kufurahi. Tatizo ni kwamba mtoto amegeuzwa kisingizio, na sisi watu wazima ndio tunaoshindana.

Kuna jambo jingine ambalo wakali wetu walikuwa wamelisahau. Mwenzetu mmoja anaoka keki. Alianza na sufuria, mchanga na mkaa, kwa mkopo wa kikundi hiki hiki, na keki hizo zimemsomesha mwanawe mpaka kidato cha sita. Mwingine anakodisha viti na turubai. Tukikataza sherehe tunawanyima mkate. Huyu wa keki mwenyewe alituambia kitu cha ajabu: wateja wanaomsumbua kulipa ni wale wa keki kubwa. Keki ya elfu kumi na tano hulipwa papo hapo.

Mwisho tulipatana hivi, na tunaandika humu ili wajukuu wasome. Pesa iliyokopwa kwa shamba, karo au biashara ikionekana imeingia kwenye sherehe, mkopaji na wadhamini wake wanaitwa kikaoni kabla ya wiki kuisha, si kumfokea, bali kupanga upya marejesho kabla kausha damu hawajamfikia. Hakuna sare ya kikundi kwa sherehe ya mtoto. Hakuna mwanachama atakayesomwa jina kwa kutokuchangia bethdei. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 vikundi kama chetu viko daraja la nne na vinatakiwa kusajiliwa, kwa hiyo katiba yetu si karatasi ya kufungia maandazi.

Na lipo sharti moja ambalo wageni huwa wanalicheka. Anayetaka mkopo mdogo wa sherehe ya mtoto, na tunautoa, haupiti shilingi 50,000, sharti alete kwanza cheti cha kuzaliwa cha mtoto huyo. Tulipolipitisha tuligundua aibu yetu: zaidi ya nusu ya tuliokuwepo tulikuwa tumekata keki za watoto ambao hawana cheti. Tarehe tulikuwa tunaijua kwa wimbo tu. Wakati mtoto huyo akifika kuomba mkopo wa elimu ya juu, Bodi ya Mikopo haitamuuliza picha ya keki, itataka cheti kilichohakikiwa na RITA. Tangu hapo tumeshuka wilayani kwa makundi, kila mtu na kadi yake ya kliniki, tukarudi na vyeti. Kazi bado haijaisha. Wako kina mama hapa watoto wao walizaliwia nyumbani na kadi zimepotea, na hao ndio wenye safari ndefu ya barua za mtendaji. Mgeni Rasmi, kama una la kutusaidia katika hilo, tutakushukuru kuliko kwa bahasha.

Hatudai tumeshinda. Mwaka jana tu palikuwa na bethdei hapa jirani yenye mahema mawili, na wanachama wetu wawili walikopa nje ya kikundi ili wasionekane. Tunawajua, nao wanajua kwamba tunajua. Shinikizo halitoki kwa maadui, linatoka kwa dada zetu na mashoga zetu, watu tunaowapenda, ndiyo maana ni gumu. Kina baba nao wasikae wakitabasamu. Mara nyingi baba ndiye anayesema "fanyeni kitu kikubwa", halafu siku ya kulipa yuko Mombo.

Sasa mtauliza, na leo je? Leo ni bethdei yetu, kikundi kimetimiza miaka kumi. Mwaka 2015 Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru na fedha zake zikaelekezwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge, na wapo wanachama waliotaka tufanye vivyo hivyo, hii leo isiwepo. Tulipiga kura. Walioitaka sherehe walishinda kwa kura tatu. Tukapanga isizidi faida ya mwezi mmoja ya mfuko wa jamii, na haijazidi, mhazini atasoma. Chakula ni makande na maharage ya mashamba yetu, na mapeasi yale mnayoyaona kwenye matenga.

Keki ipo, moja, ukubwa wa sufuria. Ameioka mwenzetu, tumemlipa taslimu. Atakayeikata ni yule binti aliyesinzia. Ana miaka tisa sasa, cheti chake tumekiona, na mama yake mwaka huu amepanda shamba lote. Tumeomba ratiba ibadilishwe, keki ikatwe sasa hivi, kabla ya hotuba ya Mgeni Rasmi, wakati mtoto bado yuko macho.