Mtaro ni wa Nani? Maneno kwa Vijana wa Sachangwan



Najua wengine mmekuja mkidhani leo ni habari ya vitambulisho, au ya vijana wetu wanaokamatwa ovyo. Hizo hatujaziacha. Lakini leo nataka tuongee mitaro. Usicheke. Njia moja ya maji iliyoziba imeua watu wengi kwenye kaunti yetu hii, na kila aliyekufa alikuwa na haki ya kuishi kama wewe.

Kumbuka Mai Mahiu. Jumatatu 29 Aprili 2024, kabla ya kupambazuka, watu wamelala, maji yakashuka kutoka upande wa Kijabe yakabeba nyumba, magari na miti. Zaidi ya watu 50 walikufa. Mwanzoni tuliambiwa bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikasema si bwawa. Ilikuwa njia ya maji chini ya tuta la reli ya zamani, ikazibwa na magogo, mawe na matope. Maji yakajikusanya nyuma ya tuta mpaka tuta likashindwa.

Sasa tazama ramani. Miinuko ya huko juu iko Kaunti ya Kiambu. Tuta ni la Shirika la Reli, yaani serikali ya kitaifa. Waliozikwa ni watu wa Mai Mahiu, Kaunti ya Nakuru. Nakuru haiwezi tu kutuma tingatinga Kiambu. Kiambu nayo itaambia nini wapiga kura wake, kwamba pesa zao zimekwenda kulinda watu wa kaunti nyingine? Ukimuuliza kila mmoja peke yake, kila mmoja ana jibu zuri. Ndiyo maana mimi naona swali la nani alaumiwe halitufikishi mbali. Tuulize nani analipa, kwa mkataba gani, na nani anakwenda kuangalia kabla ya mvua.

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kusimamia maji ya mvua katika maeneo yenye majengo. Shika hayo maneno: yenye majengo. Mteremko wa mashamba kati ya mji mmoja na mwingine je? Hapo ndipo kila ofisi inakuonyesha mlango wa ofisi nyingine. Lakini Katiba hiyohiyo, Kifungu cha 189, inasema serikali za kaunti zishirikiane, na zinaweza kuunda kamati za pamoja na hata mamlaka za pamoja. Ruhusa iko. Nakuru na Kiambu tayari wanakaa meza moja kwenye umoja wa kaunti za eneo la kati, CEREB. Kama wanaweza kuketi kuongea biashara, wanaweza kuketi kuongea kalvati.

Wengine walifanya hivi zamani. Denver, Marekani, ilipigwa na mafuriko makubwa mwaka 1965. Mwaka 1969 bunge la jimbo la Colorado likaunda chombo kimoja cha kushughulikia maji hayo kwa Denver na kaunti jirani. Kina kodi yake ndogo ya ardhi na majengo, na serikali ya mtaa ikitaka mradi inaweka pesa yake juu. Najua mnavyoniangalia. Baada ya Juni 2024 hakuna kijana Kenya anataka kusikia neno kodi, na mimi siombi kodi mpya. Kaunti zetu tayari zinapata pesa za mabadiliko ya tabianchi kupitia mpango wa FLLoCA, na kamati ziko hadi kwenye wadi. Kaunti mbili zikitoa fungu kila moja, wakatengeneza korongo moja kutoka juu hadi chini, hapo kuna kodi gani?

Na dini yetu si ngeni kwa jambo hili. Zubayr bin Awwam, Allah amridhie, aligombana na jirani yake Ansari juu ya mfereji wa maji kule Madina. Kesi ikafika kwa Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam. Akaamua: Zubayr anyweshe mimea yake, kisha ayaachie maji yaende kwa jirani. Ona, aliye juu ana haki yake, na wa chini ana haki yake, na kuna hakimu. Hawakuachiwa wagombane mpaka wachoke.

Sasa turudi hapa kwetu. Nchi nzima inatujua kwa moto wa lori la mafuta la Januari 2009. Barabara ileile sasa inapanuliwa. Kazi ya Rironi hadi Mau Summit ilizinduliwa Novemba 2025. Lami ikiwa pana, maji yanayomwagika pembeni yanaongezeka, na yakitoka kwenye kalvati yanaingia shamba la mtu. Barabara ni ya KeNHA, shamba ni la mama fulani, mtaro wa mji ni wa kaunti. Na maji ya upande huu wa Molo hushuka na Mto Molo hadi Ziwa Baringo, yakiwa yamebeba udongo wetu. Wenzetu wa Baringo wameona ziwa likimeza shule na makao. Wataalamu wanataja mvua kwanza, lakini sisi wa juu tusijifanye hatuhusiki. Tukidai Kiambu wawajibike kwa Mai Mahiu, Baringo nao wana haki ya kutudai.

Kuna jambo lingine ambalo halisemwi sana. Molo tunajua siasa za kugawa watu kwa kabila. Maji ya shamba la juu yakiharibu viazi vya shamba la chini, na wenye mashamba ni makabila mawili, ugomvi wa mtaro hautabaki wa mtaro. Kwa hivyo ombi hili lisiwe la msikiti peke yake. Nenda kwa jirani Mkalenjin, Mkikuyu, nenda kwa kijana wa kanisani, waweke sahihi pamoja nasi.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, sehemu ya 15, inakupa haki ya kupeleka ombi bunge la kaunti. Tutaomba kamati ya pamoja na Kiambu, nyingine na Baringo, KeNHA na Shirika la Reli wakae ndani, na orodha ya kalvati zote iwe wazi na jina la anayezibua kila moja kabla ya Machi. Tukichelewa tutaambiwa bajeti imefungwa. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, karatasi ya mwelekeo wa fedha 28 Februari, makadirio 30 Aprili. MCA asikuambie hakujua.

Jumamosi baada ya Dhuhuri tunatembea kando ya barabara kuhesabu kalvati zilizoziba, tukipiga picha na kuandika mahali kila moja ilipo. Akina dada wana kundi lao, wameshapanga. Simu iwe na chaji, na kama una gambuti, vaa.