Imani Katika Ugonjwa wa Miaka Mingi

Wasikilizaji wetu, jioni hii twapenda kusema nanyi habari za ugonjwa usiokwisha upesi, na jinsi Mkristo awezavyo kumtegemea Mungu katika miaka ya ugonjwa wa namna hiyo. Hatusemi habari za homa. Homa humshika mtu leo, ikamtetemesha siku tatu au nne. Akipata dawa hupona, na asipopata huenda akafa. Siku hizo jamaa zake wote wamo chumbani, majirani huja kumwangalia, na mchungaji huitwa. Kuomba katika siku kama hizo si vigumu. Hata mtu asiye na desturi ya kuomba huomba. Lakini yuko mtu mwingine ambaye hawezi tangu mwaka juzi, na mwakani atakuwa hawezi vile vile. Majirani wamekwisha kumzoea. Wakipita huuliza hali, wala hawangoji jibu. Naye aliomba siku ya kwanza, akaomba mwezi wa kwanza, na bado yu mgonjwa. Je, imani yamfaa nini mtu huyu? Hilo ndilo swali letu, nasi twataka kulijibu kwa habari za watu waliokuwako, si kwa maneno matupu.

Ugonjwa tuliouchagua ni ukoma, ambao watu wengine huuita matana. Tumeuchagua kwa sababu hakuna ugonjwa uliotengwa na watu kama huo, na kwa sababu habari zake zimeandikwa vizuri katika nchi moja iliyo mbali nasi, yaani visiwa vya Hawaii, katikati ya bahari kuu ya Pasifiki.

Katika karne ya kumi na tisa visiwa hivyo vilikuwa na mfalme wake. Ukoma ulipozidi, Mfalme Kamehameha wa Tano aliweka sheria katika mwaka 1865 ya kuwatenga wagonjwa, na mwezi wa Januari 1866 wale wa kwanza walishushwa kutoka chomboni katika kisiwa cha Molokai, mahali paitwapo Kalawao. Mahali pale ni rasi. Pande tatu ni bahari yenye mawimbi makali, na upande wa nne ni majabali marefu yaliyosimama kama ukuta. Mtu aliyepelekwa huko hakutazamiwa kurudi. Mume aliachana na mke, na mtoto aliachana na mama yake. Tangu 1866 hata 1969, sheria ya kutenga ilipokomeshwa, walipelekwa huko watu wapatao 8,000, na wengi wao walikuwa wenyeji wa visiwa vile.

Hapa liko jambo ambalo wasimulizi wengi huliruka, nasi hatutaki kuliruka. Katika mwaka ule ule wa kwanza, 1866, wagonjwa 35 wa Kalawao waliungana wakafanya kanisa lao wenyewe. Hawakuwa na mmishenari wa kukaa nao, wala nyumba ya ibada. Walikuwa wenyeji wa Hawaii waliokuwa Wakristo tangu makwao, na ugonjwa ulipowaondoa makwao, imani yao haikubaki nyuma. Kanisa hilo waliliita Siloama, kwa kukumbuka birika la Siloamu. Wasomaji wa Injili ya Yohana wanalijua birika hilo. Ndiko alikotumwa kunawa yule mtu aliyezaliwa kipofu, ambaye wanafunzi walimwulizia Bwana kama ni dhambi zake au dhambi za wazazi wake zilizomfanya kuwa kipofu. Naye Bwana akakataa hayo mawili yote. Wagonjwa wale walikuwa wakisemwa kila siku kuwa wamepatilizwa. Twadhani walijua sana kwa nini walilichagua jina hilo.

Miaka saba baadaye, tarehe 10 Mei 1873, alifika Kalawao padre mmoja wa Ubelgiji, jina lake Damien, mwenye umri wa miaka 33. Alikuwa mtoto wa mkulima, mwenye nguvu na mikono ya kazi. Aliwaosha wagonjwa vidonda, akajenga nyumba, akasaidia kuleta maji kwa mabomba, akatengeneza majeneza kwa mikono yake mwenyewe, maana zamani maiti wengine walizikwa pasipo jeneza. Miezi michache tu baada ya kufika alimwandikia ndugu yake wa Ulaya kwamba akihubiri hasemi “ndugu zangu,” bali husema “sisi wenye ukoma.” Wakati huo mwili wake ulikuwa mzima.

Mwezi wa Desemba 1884 alitia mguu katika maji ya moto sana, ngozi ikaungua, naye hakusikia maumivu yo yote. Basi akajua. Ukoma huua mishipa ya fahamu, na mahali palipokufa mishipa hapasikii moto wala mwiba. Tangu siku ile neno lake la “sisi” likawa kweli katika mwili wake pia.

Twawaomba sasa msikilize kwa makini alivyofanya mtu huyu wa sala alipojua kuwa ana ugonjwa usio na dawa katika siku zake. Kwanza, alitafuta dawa. Alikuwako daktari Mjapani, jina lake Goto, aliyewatibu wenye ukoma kwa kuwaogesha maji ya moto na kuwapa dawa za kunywa. Katika mwaka 1886 Damien alikwenda Honolulu, akakaa hospitalini kwa siku chache, akajaribu matibabu hayo. Mwishoni mwa mwaka 1888 mgeni Mwingereza, Edward Clifford, alimletea mafuta ya mti wa gurjun, nayo akayajaribu. Dawa hizo hazikuweza kuviua vijidudu vya ukoma, lakini hakuona kuwa kuzitumia ni upungufu wa imani. Pili, hakuacha kazi yake. Alizidi kujenga na kuzika na kufundisha mpaka nguvu zilipokwisha. Na tatu, hakujifanya kuwa hana huzuni. Kilichomwuma kuliko vidonda ni upweke. Tangu mwanzo alilia kuwa hana padre mwenziwe wa kumwungama. Mara moja mkubwa wake alipofika na merikebu akakatazwa kushuka, Damien alisimama katika mashua iliyokuwa ubavuni, akaziungama dhambi zake kwa sauti kuu, watu wakisikia, kwa lugha ya Kifaransa. Hiyo ilikuwa kabla ya ugonjwa. Ugonjwa ulipokuja upweke ulizidi, mpaka wasaidizi walipoanza kufika: Joseph Dutton wa Marekani katika mwaka 1886, na Mama Marianne Cope na masista wenzake mwishoni mwa 1888.

Damien alikufa tarehe 15 Aprili 1889, katika juma kuu la Pasaka, mwenye umri wa miaka 49. Hakupona. Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa mtakatifu katika mwaka 2009, lakini wakati wa kufa kwake alikuwa mtu aliyeomba miaka zaidi ya minne na ugonjwa wake ukaendelea.

Je, tuseme sala zake zilipotea bure? Mtume Paulo naye aliomba mara tatu aondolewe mwiba uliokuwa katika mwili wake, wala haukuondolewa; alipewa nguvu za kuuchukua. Twaona kwamba watu wengi huusoma mlango ule wa barua yake upesi upesi, kwa kuwa wangependa uishe kwa namna nyingine. Walakini mgonjwa wa miaka mingi huuelewa mara moja. Yeye hahitaji kuambiwa kwamba kesho ataamka mzima. Ahitaji kitu cha kumwamsha kesho akiwa bado mgonjwa, akafanye yampasayo.

Yako maneno mawili ambayo Wakristo huwaambia wagonjwa, nayo yana madhara makubwa. La kwanza ni kwamba wameugua kwa sababu ya dhambi. Neno hilo tumekwisha kuona Bwana alivyolijibu. La pili ni kwamba mtu mwenye imani ya kweli na aache dawa. Hili huvaa nguo za utauwa, kwa hiyo hudanganya wengi. Lakini katika Injili, yule mwenye ukoma aliyetakaswa aliagizwa aende akajionyeshe kwa kuhani; na katika sheria ya Musa kuhani ndiye aliyekuwa na kazi ya kuitazama ngozi na kusema kama mtu amepona. Hata yeye aliyeguswa na mkono wa Bwana alitumwa akachunguzwe. Anayetupa vidonge vyake ili aonyeshe imani amefanya asiloagizwa na mtu ye yote.

Nasi tuna sababu kubwa kuliko Damien ya kuzishika dawa. Mwaka ule ule aliofika Kalawao, 1873, daktari wa Norwe, Armauer Hansen, aliviona katika mji wa Bergen vijidudu viletavyo ukoma. Ikapita miaka mingi kabla ya kupatikana kitu cha kuviua. Wamishenari waliofungua vijiji vya wenye ukoma katika Afrika ya Mashariki, kama Daktari Sharp aliyeanzisha kijiji cha kisiwa cha Bwama katika ziwa Bunyonyi, Uganda, mwaka 1931, hawakuwa na dawa ya hakika ya kuwapa watu. Dawa zenye nguvu zilianza katika miaka ya 1940, na katika mwaka 1981 Shirika la Afya la Dunia lilishauri zitumiwe dawa kadhaa pamoja, yaani rifampisini, dapsoni na klofazimini. Tangu 1995 dawa hizo hutolewa bure. Mgonjwa huzimeza miezi sita, au miezi kumi na miwili kama ugonjwa umeenea, naye hupona. Akiisha kuanza kuzimeza, baada ya muda mfupi hawezi kuwaambukiza wengine. Tena watu walio wengi miili yao ina nguvu ya kuzaliwa nayo ya kuukataa ugonjwa huu, hata wakikaa na mgonjwa. Basi mtu akiona baka katika ngozi, jeupe kidogo au jekundu, lisilowasha wala kusikia mguso, aende zahanati upesi, asingoje kuona kama litaondoka.

Lakini tulisema tutazungumza habari za ugonjwa wa miaka mingi, na hapa ndipo shida ilipo. Dawa huua vijidudu. Haifufui mishipa iliyokwisha kufa. Aliyechelewa kutibiwa huandikiwa na daktari kuwa amepona, kisha hurudi nyumbani na miguu yenye ganzi, nayo atakuwa nayo siku zote za maisha yake. Hukanyaga mwiba asijue. Huishika sufuria ya moto asijue. Kidonda kisichouma hakitunzwi, nacho huchimba mpaka kwenye mfupa. Vidole vya watu hawa havikuliwa na laana, wala havikuliwa na ugonjwa peke yake. Vimeharibiwa na majeraha madogo yasiyoonekana.

Kwa hiyo kila jioni mtu huyu ana kazi. Ailoweke miguu katika maji baridi karibu nusu saa, asugue ngozi ngumu taratibu, aipake mafuta ikiwa ingali na maji, kisha aitazame, nyayo na katikati ya vidole, atafute mkwaruzo au wekundu. Akiona jeraha alifunge na kuupumzisha mguu. Avae viatu hata akiwa uani. Ashike vyungu kwa kitambaa. Ni kazi ndogo, na mtu mzima aweza kuicheka. Lakini yapasa kufanywa leo, na kesho, na miaka ishirini ijayo, na wala haileti nafuu ya kuonekana. Faida yake ni kwamba hakuna baya lililotokea. Twajua watu wengi hufa moyo katika mwaka wa pili. Mtu aliyefundishwa tangu utoto kuomba kila jioni, ajisikie kuomba au asijisikie, amekwisha kujifunza subira ya namna hiyo ambayo mwingine hana. Katika nyumba ya Kikristo taa huwashwa kwa ajili ya sala ya jioni. Taa ile ile yatosha kutazamia miguu, nasi hatuoni kuwa tendo moja ni la dini na la pili si la dini.

Wala asiachwe kuyafanya hayo peke yake. Mzee wa kanisa ajue ni nani katika mtaa wake asiyeweza kutembea mpaka kanisani, ampelekee ushirika nyumbani, akae kidogo, aulize hali na kungoja jibu. Mahali palipo na watu kadhaa wenye ganzi, wafanye chama, wakutane na kutazamana miguu. Na ikiwa macho ya mgonjwa yameharibika, kama yanavyoharibika mara nyingi katika ugonjwa huu, mtoto wa shule wa nyumba ile aiinue taa, atazame kwa ajili ya babu yake, amwambie kwa kweli kama yako mwiba au hakuna.