Miaka Mitatu ya Usukani: Kuongoza na Kukuza Klabu ya Matanga ya Wanachuo

Shahada nyingi katika vyuo vikuu vya Tanzania huchukua miaka mitatu. Mwaka wa kwanza mwanafunzi anahangaikia chumba, mkopo na ratiba ya masomo. Wa pili anajiunga na klabu. Wa tatu anachaguliwa mwenyekiti, na kabla uongozi haujamkaa sawasawa mitihani ya mwisho imefika na ameshaaga. Klabu ya mpira huuhimili mzunguko huo, kwa sababu kila anayeingia chuoni ameucheza mpira tangu shule ya msingi. Klabu ya matanga haiuhimili. Aliyejua kushika usukani akiondoka bila kumwachia mwenzake ujuzi wake, kinachobaki ni chombo kilichopandishwa pwani, mbao zikipasuka kwa jua.

Mada hii imeandaliwa kwa ajili ya vijana wa Masasi na Newala walioko vyuoni, hasa wale wanaosoma Mtwara, ambako Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris kilianza kufundisha mwaka 2009, na wale waliokwenda Dar es Salaam na Unguja. Hoja yake ni moja. Kazi ya kwanza ya kiongozi wa klabu kama hii ni kuandaa watu watakaoiendesha yeye akiwa ameondoka; mashindano, fulana na picha vinakuja nyuma ya hapo.

Wako watakaouliza uwanda wa Wamakonde na matanga vinakutana wapi. Anayesimama Shimo la Mungu pale Newala anaona bonde la Ruvuma likishuka chini yake mpaka upande wa Msumbiji, lakini bahari haioni. Kutoka Masasi mpaka Mtwara ni takribani kilomita 200. Uwandani kwenyewe maji ya juu ya ardhi ni haba, na vizazi vya akina mama vimeteremka na kupanda makorongo kutafuta ndoo moja. Kijana aliyekulia huko hufika chuoni akiwa hajawahi kuingia kwenye maji yanayomzidi kimo. Hilo si kosa lake, wala halimwondolei haki ya kujifunza bahari ya nchi yake. Ila kiongozi wa klabu asiyelijua atawafundisha wenzake kana kwamba wote wamezaliwa mwambaoni, Msimbati au Mikindani.

Mwambao una utaratibu wake wa kurithisha ujuzi, tena wa zamani kuliko chuo kikuu chochote cha Afrika Mashariki. Mtoto anayeingia chomboni huanza kwa kufua maji, kupika na kukunja kamba. Akishazoea mwendo wa chombo hupewa henza avute foromali na tanga, kisha demani, kamba inayoliongoza tanga. Usukani huja mwishoni, nahodha akiwa amekaa karibu naye, na hakabidhiwi chombo mpaka nahodha aridhike. Hakuna anayeruka daraja. Klabu nyingi za wanafunzi hufanya kinyume: uongozi hupatikana kwa kampeni, na mshindi huwa ni yule mwenye maneno matamu ukumbini. Katika klabu ya matanga desturi hiyo ni hatari kwa maisha ya watu. Katiba iseme wazi kwamba hagombei uenyekiti wala unahodha wa klabu asiyeweza kutoa chombo, kupiga bishi dhidi ya upepo na kukirudisha salama mbele ya mwalimu.

Iseme pia kwamba mwenyekiti anatoka mwaka wa pili. Mrithi akichaguliwa Machi au Aprili, mwenyekiti huyo atakuwa na mwaka mzima wa tatu wa kukaa kama mshauri, akimwangalia mrithi wake anavyokosea na kusahihisha. Pendekezo hili linaonekana dogo, lakini ndilo litakaloamua kama klabu itafika mwaka wake wa tano.

Kumbukumbu ya klabu inahitaji pia mtu asiyehitimu. Mlezi kutoka kwa wahadhiri ni lazima, maana bila yeye chuo hakitajibu barua. Lakini mlezi mara nyingi hajui tanga. Anayelijua ni nahodha au fundi wa chombo wa Shangani au Mikindani, na huyo ndiye apatiwe posho ya kudumu, kila mwezi, hata kama ni ndogo. Ni afadhali klabu yenye ngalawa moja ya kukodi na nahodha mmoja anayelipwa kuliko yenye vyombo vitatu vilivyotolewa msaada na hakuna anayejua kushona tanga. Wafadhili hupenda kupiga picha na chombo kipya. Kiongozi mwenye busara huwashukuru, kisha akawaomba ada ya mwalimu.

Dunia ina mfano mzuri wa chuo kilichojipanga. Mwaka 1936 chuo cha ufundi cha MIT, nchini Marekani, kilifungua banda la mashua kando ya mto Charles. Kabla ya hapo michezo ya tanga nchini humo ilitegemea sana vijana wenye mashua zao, yaani watoto wa matajiri. MIT walikuwa na mashua ndogo za muundo mmoja, mali ya chuo, na mwalimu wa kudumu. Mwanafunzi asiye na senti ya kununulia kamba aliweza kujifunza, mradi athibitishe kwamba anajua kuogelea. Katika mashindano ya vyuo vya Marekani, mpaka leo chuo mwenyeji hutoa mashua, na timu hubadilishana vyombo ili asionekane hodari yule aliyepata chombo chepesi. Mgeni anasafiri na nguo zake tu.

Utaratibu huo unatufaa. Chuo cha Mtwara kinaweza kuwaalika wanafunzi wa Chuo cha Bahari Dar es Salaam, kilichotokana na kitengo cha mafunzo ya bahari cha mwaka 1978, au wenzao wa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Unguja, wakapanda basi au meli na kukuta ngalawa zikiwasubiri. Mashindano ya ngalawa si jambo geni kwetu: Zanzibar yamefanyika katika Tamasha la Nchi za Jahazi, na Lamu mashua hushindana kwenye sherehe za mji, vijiji vikitambiana. Kinachokosekana ni kalenda ya vyuo.

Kuhusu kalenda, upepo una ratiba yake na chuo kina yake, na bahati njema zinalingana pale panapohitajika. Vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba. Wakati huo kusi imekwisha na kaskazi haijashika. Ni majira ya maleleji, upepo ukiwa mwanana na wa kubadilikabadilika. Hapo ndipo mwanafunzi mpya afundishwe, ndani ya ghuba, maji yakiwa yamejaa. Desemba mpaka Machi kaskazi huvuma, na kusini ndio msimu wenyewe wa mvua; mafunzo yaendelee kwa tahadhari, siku nyingine zikitumika darasani kusoma bamvua na maji mafu. Kusi ikianza kushika, Aprili kwenda mbele, wasukani waliokomaa ndio watoke, na Juni na Julai mwanafunzi wa mwaka wa kwanza abaki kuwa baharia chini ya mkubwa wake. Klabu inayopokea wanachama wapya Juni kwa sababu tu viongozi wana nafasi itawatisha vijana siku ya kwanza, na wengi hawatarudi.

Usalama ndiyo sehemu ambayo kiongozi hana ruhusa ya kujifunza kwa kukosea. Masasi na Newala zina kumbukumbu yake. Chauncy Maples, aliyesoma Oxford, alifika Masasi miaka ya 1870 na misheni ya UMCA, ile iliyoanzishwa na vyuo vikuu vya Uingereza baada ya hotuba za Livingstone, na baadaye akafanya kazi Newala. Mwaka 1895 aliwekwa wakfu kuwa askofu wa Likoma. Septemba mwaka huohuo mashua ya tanga aliyopanda ilipinduka usiku kwa dhoruba katika Ziwa Nyasa, naye akafa maji. Inasimuliwa kwamba joho alilovaa lilimlemea. Meli ya Chauncy Maples iliyoingia ziwani humo mwaka 1901 ilipewa jina lake. Elimu ya Oxford haikumfaa kitu mbele ya wimbi, usiku, ndani ya nguo nzito.

Taifa limeona makubwa zaidi: MV Bukoba Mei 1996, Spice Islander Septemba 2011, MV Nyerere Septemba 2018. Kupakia watu kupita kiasi kumetajwa katika misiba yote mitatu. Mwanafunzi anayesimamia safari ya Jumamosi atakutana na shinikizo lilelile kwa kipimo kidogo: rafiki wawili wamechelewa, wanaomba waongezwe, na chombo tayari kimejaa. Jibu ni hapana, na katiba impe nguvu ya kulisema hata kwa mlezi wake.

Masharti mengine hayana mjadala. Hakuna anayeshika demani kabla hajajua kuogelea na kuelea akiwa na nguo mwilini. Kila aliye chomboni avae jaketi okozi, si kulikalia. Taarifa ya upepo na mawimbi ya Mamlaka ya Hali ya Hewa isomwe asubuhi ya safari. Chombo kikaguliwe na kupata cheti kwa TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya 2017. Wanaotaka kufika Msimbati wakumbuke kwamba eneo hilo limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Waombe ruhusa kabla ya kutia nanga. Na kila safari iandikwe kwenye daftari: nani alitoka, saa ngapi, upepo gani, nini kiliharibika. Daftari hilo ndilo atakaloachiwa kiongozi ajaye.

Suala la wasichana lisiachwe mpaka mwaka wa pili wa klabu. Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa na mavazi ya kusitiri mwili mzima, wakufunzi wakiwa wanawake, na wazazi waliokuwa na wasiwasi wakakubali. Klabu ya Mtwara itapata wanachama Waislamu na Wakristo kutoka familia zenye staha zao. Mavazi, saa za mazoezi na mkufunzi wa kike vikipangwa tangu mwanzo, wasichana watakuja. Vikiachwa, klabu itakuwa ya wavulana kwa miaka kumi, na kila mwaka atatokea mtu wa kudai kwamba wasichana hawapendi bahari.

Fedha. Hapa vijana wa uwandani wana shule ambayo wenzao wa mjini hawana. Tangu msimu wa 2007/2008 korosho za Mtwara zimeuzwa kwa stakabadhi ghalani, na wazazi wao wamekaa kwenye mikutano mikuu ya vyama vyao vya msingi vya ushirika (AMCOS) wakibishana kuhusu makato, ushuru na malipo ya pili. Wamewaona viongozi waadilifu, na wamewaona wengine wakitimuliwa. Vyama vikuu vya ushirika, MAMCU kwa upande wa Masasi na TANECU kwa upande wa Newala na Tandahimba, ni majina yanayotajwa nyumbani kila msimu. Kijana aliyesikiliza mabishano hayo barazani kwa baba yake anajua kwa nini makato yasomwe mkutanoni, kwa nini mtunza fedha asiwe ndiye mwidhinishaji, na kwa nini mwanachama anayeuliza risiti asichukuliwe kuwa mkorofi. Aipeleke elimu hiyo klabuni. Ada nayo ikusanywe Novemba na Desemba, mnada wa korosho ukiwa umelipa, badala ya Mei wakati nyumba nyingi zinahesabu shilingi.

Likizo ya Agosti na Septemba huwarudisha wanachama nyumbani, na klabu nyingi hufa katika miezi hiyo. Isiwe hivyo. Masasi hapana ghuba, lakini fundo hufungwa popote, tanga hushonwa kwenye baraza yoyote, na pembe ya upepo huchorwa ubaoni kwa wanafunzi wa sekondari za Ndanda na Chidya wanaokaribia kuingia vyuoni. Uwanda uliotoa wachonga mpingo wanaojulikana dunia nzima haukosi mikono ya kutengeneza usukani au kuziba ubavu wa ngalawa. Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake waliunda Flipflopi, jahazi la taka za plastiki lililoshushwa majini mwaka 2018 na kusafiri mpaka Zanzibar mwaka uliofuata. Onyo moja tu: mtu asiwapeleke wanafunzi kujifunzia Ruvuma kwa mitumbwi ya kukodi. Mto una mamba, una viboko, na mkondo wake haumsubiri anayejifunza.

Ukuaji wa klabu upimwe kwa idadi ya wanaoweza kutoa chombo na kukirudisha bila msaada. Orodha ya majina 200 kwenye kundi la WhatsApp haipimi kitu. Wasukani wanne mwaka wa kwanza, wanane wa pili, na kati yao wasichana wasiopungua nusu: hilo ni lengo linaloweza kufikiwa na nahodha mmoja na ngalawa mbili.

Kwa hiyo, wanaorudi vyuoni mwaka huu wasisubiri mfadhili. Watafute mlezi, wamwendee nahodha mmoja wa Mikindani kwa heshima na kumuuliza posho yake, wachague watu sita walio tayari kujifunza kuogelea, na waandike katiba ya kurasa mbili kabla ya maleleji ya Novemba.